Chini ya Fundo

Jumapili, 14 Januari
Kach ya mkasi wa bustani. Mara moja tu, kisha kaka akapiga mluzi. Bado naisikia. Nilitoka jikoni mbio — nimechelewa. Mwaridi wa marehemu mama ameukata chini ya fundo.
“Nimewanyolea bustani,” akasema. “Usinipigie mhadhara, profesa. Mti ukikatwa unachipua.”
Utachipua, ndiyo. Ila mwaridi wa bustani ni miwili katika mmoja: jicho la ule mzuri, yaani chipukizi lake, limepandikizwa kwenye shina la mwaridi wa porini, jamii ileile, mizizi migumu; fundo ndipo ilipoungana. Juu ya fundo ni njano ya mama. Chini ni pori. Kabakisha pori.

Jumanne, 16 Januari
Nimefukua matawi jalalani. Jua limeyaunguza. Nimepandikiza macho yake kwenye kisiki hivyo hivyo, nikafunga kwa vipande vya mfuko wa plastiki.

Jumatano, 28 Februari
Macho yote niliyopandikiza yamekuwa meusi. Basi.
Ila kutoka mzizini — machipukizi, manene, yana haraka. Baba kajibebea kiti hadi bustanini. Tangu mazishi hakuwahi kukaa nje. “Mama yenu mbishi,” anasema, anacheka. Leo kamaliza sahani. Majani ni ya vidole saba. Ya mama yalikuwa ya vitano.
Shangazi kanivuta pembeni: nikimwambia baba ukweli kwamba ni pori, nijue nitakuja kumlisha mimi kwa kijiko.

Alhamisi, 13 Machi
Mwaka wa pili tangu ukatwe. Matumba, kila tawi! Moja limefunguka upande wa ukutani: jeupe, dogo kama kifungo cha shati. Nimelichuma. Baba hakuliona.
Mezani kasema anachosubiri duniani ni ile njano tu, baada ya hapo Mungu amchukue. Kaka kaniangalia, kisha akaangalia viatu vyake.

Ijumaa, 14 Machi
Kabla baba hajaamka nimenyofoa matumba. Mfuko wa gauni umejaa.
Alipotoka akainama, akapekua matawi ya chini, tawi kwa tawi.
“Hata moja?”
“Bado, baba.”
Akasema labda udongo umechoka, tuongeze samadi. Tumeongeza, yeye anamwaga, mimi nachanganya. Akaniambia nina mkono wa mama.
Ya juu sikuyafikia. Jioni nimeenda kwa kaka kuazima ngazi. Kanibebea hadi getini. Hakuuliza ya nini.