Kompyuta Niliyoitoa Mahari

Mpendwa Mama Émérance, naomba msaada, ila ukisoma barua hii redioni usitaje kwamba ni mimi Firmin wa studio ya picha ya Nyamianda, kwa sababu baba mkwe wangu anakusikilizaga kila Jumatano.

Mama, nilinunua kompyuta mpya ya mezani, kubwa, inang'aa, na ile ya zamani nikaiona haina kazi tena, na wakati huohuo tulikuwa tunatoa mahari ya mke wangu Ornella kwao Lubarika, ng'ombe mmoja akakosekana, wajomba zangu wakasema kompyuta ni kitu cha heshima, ifunikwe kitambaa ipelekwe, nikakubali, lakini kwanza nikahamisha kazi zangu zote, yaani nilishika vile vipicha vidogo vilivyo kwenye kioo nikavitia kwenye flashi, vikaingia kufumba na kufumbua, nikaisifu flashi kwa mbio zake, tena sikuwa mjinga, nilivijaribu palepale kwenye mashine ya zamani na kila kimoja kikafunguka vizuri, basi mashine ikapakiwa kwenye gari pamoja na mbuzi na vitenge, watu wakapiga vigelegele.

Juzi amekuja mteja wangu Noella. Baba yake alifariki mwaka jana, Jumamosi ya wiki ijayo wanamaliza matanga, na video ya ndoa yake niliipiga mimi, ile sidi niliyompa ilichukuliwa na mafuriko ya mto Mulongwe. Akaniambia, "Firmin, minye nataka tu ile fasi ya video Papa iko anaimba, amenishika mukono. Batoto bangu hawakumujua." Nikafungua mashine mpya kwa majivuno, na kila nilichobonyeza kikajibu kwamba kinachotafutwa hakipo. Nikamdanganya kwamba umeme hautoshi, na taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu.

Nikampigia simu baba mkwe, Papa Herménégilde, eti kusalimia tu. Akasema kwa furaha, "Mukwe, ordinateur yetu iko muzuri sana, iko mu salon na kitambaa yake. Mutoto wangu Toussaint atakuya Jumapili, atafuta yote aweke mafilimu."

Mama, kitu cha mahari hakiombwi. Nikikiomba, watasema basi nimrudishe na Ornella. Naye hajui lolote. Nifanye nini?

*

Mwanangu ambaye jina lako sitalitaja, nimekuhurumia. Huruma imekwisha, sasa nakugombeza.

Ulichohamisha ni vibao vya mlangoni, nyumba yenyewe uliipeleka Lubarika. Vile vipicha vinaonyesha tu njia ya kufikia kazi iliyo ndani ya mashine ile. Ndiyo maana vilifunguka palepale na vikakataa kwingine. Ungevijaribu kwenye mashine mpya kabla ya vigelegele! Bahati yako ni kwamba kompyuta iliyozimwa, imefunikwa kitambaa na kuwekewa maua juu, haipotezi kitu. Kitambaa hicho kimetunza kazi yako kuliko weye mwenye studio.

Mwambie Ornella leo. Kama redio iko wazi hapo kwenu, umeshachelewa, mpigie magoti. Kisha mwende nyote wawili kabla ya Jumapili. Mshike sukari, sabuni, jenereta ndogo na mafuta yake umeme usije ukakosekana, na diski ya nje iliyo tupu. Neno "kurudisha" lisitoke kinywani mwako kwenye ile salon. Sema, "Papa, nilileta zawadi na vitu vya watu vikiwa ndani. Nimekuja kuvinakili, mashine inabaki yenu." Nakili mafolda yenyewe, si vipicha, na ukifika studio fungua video moja moja kwenye mashine mpya uone inacheza. Kopi ya pili ikae kwa ndugu yako anayeishi mbali na mto.

Na weye Papa wa Lubarika unayenisikiliza kila Jumatano, tafadhali, Toussaint angoje kwanza na mafilimu yake. Mkwe wako hana ubaya, ana haraka tu.

Noella naye mwambie ukweli, umeme usisingiziwe.

Ukiikuta ile video hukohuko Lubarika, usiifungue na kuifunga mbio. Iache icheze mpaka mzee amalize kuimba, na baba mkwe wako aangalie, ataelewa mwenyewe kwa nini umesafiri. Ulikosa ng'ombe, Firmin, ukatoa mahari baba wa mtu. Nenda ukamlete, bintiye anamngoja.