Dawa Alizomnunulia Mama

Farida, nimetoka wodini sasa hivi. Mama yake Laurinda amefariki. Kwa kuharisha tu, Farida. Kuharisha.

Unajua Laurinda alivyokuwa. Tumbo la mama likiuma kidogo, anatoka Ziwani mpaka mjini, anamnunulia antibiotiki duka la dawa. Miezi mitatu, bila kipimo hata kimoja.

Jana daktari akamweleza taratibu. "Dada, tumboni tuna bakteria wazuri. Wanasaidia kusaga chakula, wanawazuia wabaya wasizaliane. Zile dawa ziliwaua wazuri, wabaya wakapata nafasi."

Laurinda akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Daktari akamwambia asijilaumu, kwani yeye hakujua dawa zingefanya hivyo. Laurinda akauliza tena vilevile. "Kwa hiyo ni mimi?"

Halafu leo asubuhi, mama na sauti yake iliyokauka anawaambia wagonjwa wenzake, "Mwanangu huyu hajaniacha bila dawa hata siku moja."

Laurinda kasimama palepale na kikombe cha uji. Nilidhani atalia.

Akampangusa mama mdomo, akasema, "Ni wajibu wangu, mama." Akaendelea kumnywesha, kijiko kimoja kimoja, mpaka mama akafumba macho.