Ulikipikia Nini Chungu Chako

Sena, Mfangano
15 Juni 2025

Mwanangu Lynnet,

Pokea salamu za kisiwani. Natumai u mzima wa mwili na wa akili, hasa akili. Mimi niko salama, ila goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, na kuku wawili wamepotea kwa namna ambayo naijua.

Usinipigie simu tena kwa mambo ya maana. Mtandao hapa unashika mlangoni kwa Phelesia peke yake, na unamjua mke huyo wa baba yako mdogo: ukisema tu "haloo", yeye ameshaacha kupepeta anasikiliza. Andika. Na uandike Kiswahili. Kidholuo angekimeza chote, lakini Kiswahili anakisoma kwa kujikokota. Barua lazima zipitie mkononi mwake, maana ndiye anayeenda Mbita kuuza dagaa zake wa omena, nitafanyaje. Lakini bahasha hii nimeishona kwa uzi wa nyavu, na mafundo yangu nayajua. Ukiona yamelegea, niambie.

Sasa hii kazi yako. Mhindi ana nyumba ya mawe hapo Awendo, ana duka la vipuri vya matrekta, halafu anakulipa ukae na mama yake? Kukaa tu? Watu hawalipi kitu kama hicho bila kutaka kingine. Ulisema pia kwamba kikongwe huyo huimba alfajiri kwa lugha ambayo hata si Kihindi. Anaimba nini? Anamwimbia nani? Muulize, unijibu.

Mama yako,
Nyamusi

---

Awendo
29 Juni 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Bahasha ilifika na mafundo yote, tena ilibidi niazime kisu. Goti linaendeleaje? Paka ile dawa niliyokutumia, usiifungie kabatini na vitu vingine.

Sikai tu, mama. Nyanya huyu alianguka mwaka jana akavunjika nyonga. Namwogesha, namtembeza uani, nakata mboga. Jina lake ni Kaveri lakini namwita Ajji, ndivyo kwao wanavyomwita nyanya. Lugha yake ni Kikannada, ya kusini mwa India. Nyimbo ni za waumini wa zamani waliokuwa wakitembea nyumba kwa nyumba wakimwimbia Mungu wao. Alifundishwa na mama yake jikoni, na ananifafanulia kwa Kiswahili chake cha dukani.

Karibu zote zinauliza jambo moja. Umezaliwa mtu, hukuzaliwa mbuzi wala jiwe. Umepewa hivyo ufanye nini? Kuna mmoja unasema hivi: mtu alipewa chungu kizuri, akakifungia asije akakivunja. Siku ya kukirudisha, mwenyewe hakuuliza kama kina ufa. Aliuliza, "Ulikipikia nini?" Ajji akimaliza hunitazama: "Wewe napewa chungu, Lynneti. Wewe nafungia?"

Nikakumbuka zile sahani zako za maua za harusi. Sijawahi kuona mtu akila kwazo.

Binti yako,
Lynnet

---

Sena
10 Julai 2025

Mwanangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Mimi pia ni mzima, na goti limetulia kwa sababu ya maombi, dawa sijaifungua.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Swali zuri sana hilo. Nyoka naye pale bustanini alianza na swali.

Nijibu haya bila kuzunguka. Kwanza, Risper anayeuza samaki hapo Awendo aliwaambia watu wa kwao hapa kwamba hao Wahindi wako hawanunui samaki kabisa. Sisi Wasabato hatuli mumi wala kamongo, samaki wasio na magamba, na sababu iko kwenye Biblia. Lakini mtu asiyegusa hata ngege mwenye magamba yake, tena vitunguu hataki, anaficha nini? Pili, chakula chake anakiweka kwanza mbele ya sanamu halafu wewe ndiye unayekila? Tatu, nasikia anafunga kula siku ya Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Siku zote saba ziko, achague yetu? Naona mtego hapo. Mtu akitaka kukuvuta, huanza kwa kufanana na wewe.

Sahani zangu uziache. Nilizifungia tangu nyavu za baba yako zilipopotea siku ya matanga yake, na kila mtu hapa anajua ni nani aliyekuwa karibu na ghala.

Nina wewe peke yako. Baba yako Obare amelala hapo nje, na wewe ukienda kwa miungu ya watu nitabaki na kuku, nao pia wanaibwa.

Mama yako

---

Awendo
22 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Niko salama, Ajji yuko salama, miwa inakatwa na barabara imejaa matrekta.

Chakula changu napika mwenyewe, kando. Jumamosi Ajji hufunga tangu akiwa msichana, wala hakujua kama sisi tuna siku yetu. Kanisani naenda. Hakuna jipya.

Binti yako,
Lynnet

---

Sena
6 Agosti 2025

Lynnet,

Hujambo? Sitauliza zaidi, maana habari zako ninazo.

Barua yako ilikuwa fupi kama ya mtu anayekimbia. Nikasema, huyu ananificha kitu. Na sasa Risper amekuja kwa mazishi ya mjomba wake, akanikuta kisimani mbele ya watu. "Mama Lynnet, pole sana. Kwani kazi iliisha? Msichana yako nimemuona na macho yangu, anazunguka Awendo na ule mama Muhindi, wamebeba bakuli, wanaomba mchele! Na wanaimba! Na ilikuwa Sabato!"

Phelesia alikuwa hapo, amesimama na mtungi. Akajitwika mtungi wake, akaenda zake. Afadhali angenicheka.

Lynnet, baba yako alikuwa akitoka ziwani mikono mitupu na bado hakuomba mtu unga. Mimi nilikulea kwa kusuka vikapu usiku na mchana ili usinyooshe mkono. Watu wenye nyumba ya mawe na magunia ya mchele wanakutembeza kama ombaomba, siku ya Bwana, nawe ukaniandikia "hakuna jipya"? Nina hasira, na nina aibu, na ninaogopa. Nikisema hasira peke yake nitakuwa nakudanganya.

Rudi nyumbani. Chagua yeye au mimi. Sitaandika tena hadi nikuone.

Mama yako

---

Awendo
12 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Naandika nikijua huenda barua hii utaiweka chini ya godoro bila kuifungua.

Nilikuficha: nilipoandika hatukuwa tumetoka bado, lakini mpango niliujua. Nilijua ungesema haya uliyosema. Sasa nikueleze, kisha uamue.

Wana mwezi wao mtakatifu. Jumamosi za mwezi huo, kwa desturi ya ukoo wa Ajji, mtu wa nyumba hutoka na bakuli tupu, anaimba mlangoni kwa watu na kupokea mchele kidogo. Nyumba tano, basi. Hata mwenye magunia huenda, tena huyo ndiye anayetakiwa hasa. Mchele huo hupikwa na kuliwa na yeyote atakayefika. Zamani alikuwa akienda mjukuu wake, sasa yuko masomoni. Mwanawe anaona haya, kama wewe. Basi Ajji akasema angeenda mwenyewe kwa mkongojo, akaanguka getini. Nikamshika mkono. Ibada ya asubuhi sikuikosa, nilitoka kanisani nikaenda.

Nilimuuliza, "Ajji, si una mchele?" Akacheka. "Mimi nakula kwa mkono ya watu tangu nazaliwa. Nasahau. Hii mwezi nakumbuka." Ndivyo anavyolijibu lile swali la nyimbo zake, na mimi sijapata jibu zuri kuliko hilo. Wewe ukipata niandikie.

Zimebaki Jumamosi mbili. Nyonga inamuuma sana na nadhani mwaka ujao hataweza. Niache nimalize naye. Baada ya hapo ukisema nirudi, nitarudi. Sitamchagua yeye nikuache wewe, lakini usinilazimishe kuchagua, mama. Inaniumiza.

Binti yako,
Lynnet

---

Awendo
25 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Hukujibu. Sijui nikuulize habari za goti au niulize jambo lililo moyoni.

Juzi Jumamosi ilikuwa ya mwisho. Ajji alichoka mapema. Nyumba ya nne walitufungia mlango, wakasema twende tukalime. Ya tano tukaenda kwa Risper, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nilijua atatutangaza, nikasema potelea mbali.

Ajji akaimba ule wa chungu, pumzi zikimkatika. Mlango ukafunguka kidogo tu. Mkono ukatoka na mchele. Mkono wa Risper naujua, umejaa pete. Huu haukuwa na pete, na kucha ya kidole gumba ilikuwa imegawanyika katikati, kama ya mtu aliyejikata kwa kisu cha kupara samaki nikiwa darasa la tatu, akanificha damu nisilie.

Nilisema, "Asante, mama." Mkono ukakaa hapo nje, mtupu, muda. Ajji akauinamia akasema, "Hii mkono nafanya kazi mingi." Nikangoja mlango ufunguke. Haukufunguka.

Mchele ule tuliupika jioni. Nililia nikiula. Mama, ulikuja kunichukua? Kwa nini hukutoka?

Binti yako,
Lynnet

---

Sena
31 Agosti 2025

Mwanangu Lynnet,

Salamu. Goti limevimba kwa sababu ya safari. Dawa nimeifungua, inawasha, lakini naona inasaidia.

Ndiyo, nilikuja kukuchukua. Barua yako niliisoma, nikaona maneno matamu mno, nikazidi kukushuku. Nikampa Risper kuku ili nilale kwake na asinitaje. Nilikuwa nimebeba mfuko mtupu wa kutilia nguo zako. Nilipanga kukuvuta sikio mbele ya watu wote, nimrudishie yule bibi bakuli lake kichwani.

Nikawachungulia kwenye ufa wa mlango. Nilitazamia kuona mchawi, nikaona mwanamke mzee anatetemeka miguu, na mkono wako uko chini ya kiwiko chake. Hivyo hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimshika baba yako wakati wa ugonjwa wake. Nikaenda kwenye debe la Risper nikachota mchele. Sikumuomba ruhusa, mwambie nitamletea omena. Sikutoka kwa sababu nilikuwa nalia, na mtu aliyekuja kupigana hawezi kutoka akilia. Mkono niliuacha nje kwa sababu nilitaka uushike.

Kaa na bibi huyo hadi apone. Bado sijamwamini, usifikiri. Mambo ya vitunguu hujanieleza. Na mwaka ujao, kama Mungu atampa mwaka, atoke alasiri, baada ya ibada kabisa, na aje na wimbo mfupi.

Swali lake lilinisumbua njia nzima hadi Mbita. Jana, Sabato ilipokwisha, nilifungua kabati, nikaosha sahani za maua, nikachukua moja nikaenda nayo tupu mlangoni kwa Phelesia. Miaka sita, tangu zile nyavu, sijakanyaga hapo ila kwa simu. Nikamwambia nimeishiwa unga. Alinitazama kwa shaka, na sikumlaumu. Akanijazia. Nikapika, nikamwita, tukala wawili. Habari za nyavu sikuuliza. Akasaidia kuosha na sahani moja akaivunja, kama nilivyosema siku zote kwamba ataivunja.

Zimebaki tano. Ukija Krismasi utakula kwazo.

Barua hii Phelesia anaipeleka Mbita kesho alfajiri. Uzi wa nyavu ninao hapa, na sindano ninayo. Bahasha nimeiacha wazi.

Mama yako,
Nyamusi