Ja ya Kwetu na Ja ya Dodoma

Kwa mke wangu Mwanaisha, Pangani.

Salamu nyingi, na nyuma ya salamu nakuuliza hali. Kifua kimepona? Mama mkwe anapata usingizi? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila upepo wa huku umenipasua midomo, na maji ya Dodoma yana chumvi, chai hainyweki. Mwalimu anayekusomea barua hii nampa mkono. Asione haya kwa maneno yangu, nami nitajitahidi nisione.

Maneno ya kaka yako yamenifika: nimekaa mno kwenye reli, ama nirudi ama nikuache. Sikukasirika. Ningekuwa na dada, ningesema vilevile.

Basi nikaenda kwa msimamizi wetu, Mdachi, kuomba ruhusa. Sisi kwetu ukisikia ja, ujue kitu kinakaribia: mgeni aja, mvua yaja. Kwa Mdachi ja ni ndiyo. Nikamweleza habari zako, akasema ja. Nikamwambia nina muda mrefu sijakuona, ja. Nikaomba niondoke, ja, ila daraja la mawe liishe kwanza, na likiisha lipo jingine huko mbele. Amekubali yote na sikuondoka. Nikarudi kibandani kwa Karimu, fundi wa Kihindi ninayechonga naye mawe. Karimu naye ana mke ng'ambo, alimwacha huko kabla yeye mwenyewe hajaota mvi. Akanishika bega akaniambia ja, na kwa lugha yao ja ni nenda. Neno hilohilo, Mwanaisha, kila mtu na lake, na mimi nimeketi palepale juu ya jiwe. Nikitoroka, askari watanifuata na kiboko mpaka mlangoni kwako, na sitaki uyaone hayo.

Yupo mama mmoja wa Kigogo hutuletea maziwa kwenye vibuyu, anatoka upande wa Ihumwa. Wale hawauzi kitu kabla ya salamu, na salamu zao ndefu. Husema mbukwa, kisha aulize nyumba, mke, watoto, ng'ombe, kila kimoja peke yake. Kila asubuhi namjibu mke hajambo, kana kwamba nimekuacha jikoni. Juzi aliponiuliza nilishindwa kujibu. Akaketi chini na vibuyu vyake, akaniacha nilie. Nililia kweli, mwanamume mzima, na wenzangu wananung'unika kwamba maziwa yamechelewa.

Siku ileile nikamwita Karimu na mpishi wetu, Mmanyema mcha Mungu, wanishuhudie. Mpishi alikataa kwanza.

"Mke huachwa kwa kuchokwa," akasema. "Wewe huyu umemchoka?"

Nikamwambia sijamchoka, ndiyo maana sitaki kumfunga. Akanawa mikono, akaja kuketi nasi.

Sasa mwalimu asome taratibu. Mwezi wa Shaaban ukiandama, ikiwa mimi sijafika Pangani na wewe hujafika Dodoma, umeachika, talaka moja. Ukae eda yako, kisha uolewe na umtakaye, nami sitakuwa na neno. Kaka yako asidai zaidi ya hapo.

Lakini gari moshi linafika hapa siku hizi, linashusha hata wanawake na vyungu vyao. Kibanda nimekiezeka upya na kitanda nimekiwamba mwenyewe. Huku hakuna nazi wala samaki, na jua ni kali, sikudanganyi. Nakutaka, Mwanaisha. Usiku nikigeuka nakutafuta kwa mkono. Hilo nalo mwalimu alisome, Mungu atatusamehe wote wawili.

Mama mkwe namshika miguu. Nisalimie shangazi aliyenilea, na jirani yetu msuka mikeka, mwambie mkeka wake bado ninaulalia. Kaka yako naye msalimie, sina kinyongo naye.

Wasalamu. Ni mimi mumeo mpaka Shaaban,

Juma, fundi mawe