Duka la Kompyuta la Likoni

Kisauni,
Februari 1998

Dada yangu mpenzi Tumu,

Shikamoo. Natumai wewe na shemeji mu wazima hapo Jomvu Kuu, na lile goti lako limepata nafuu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila moyo wangu ni mzito.

Wajua nafundisha kompyuta hapa chuoni. Mwaka juzi niliomba wanafunzi wangu wafunzwe biashara pia, maana walijua kutunga programu lakini kumuuzia mtu hawakujua. Walimu wenzangu walinicheka, lakini nikakubaliwa. Binti yako Kulthum alilipenda somo hilo kuliko yote. Yeye na mwanafunzi mwenziwe Gershom, kijana wa bara, kutoka Bungoma, wakaazimia kufungua duka la kupiga taipu na kufunza kompyuta. Wao walitaka Nyali. Mimi nikawashikilia Likoni, kwamba huko hakuna aliyewatangulia. Wakanitii.

Walifaulu, dada. Makarani wa bandarini walikuja kujifunza wakitoka kazini, na mwenye duka la dawa akatungiwa programu ya kumwonyesha dawa zilizokwisha. Nilijivuna mno.

Kisha zikaja zile vurugu za Agosti. Watu wa bara walifukuzwa, na duka likachomwa. Kulthum alimvisha Gershom buibui, wakavuka feri kama dada wawili, wakaja kwangu. Alipoondoka kurudi kwao, kijana yule alinishukuru kwa yote niliyomfunza. Laiti angalinitukana! Ningaliwaacha waende Nyali, yasingaliwafika hayo.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini Kulthum akataa kazi za ofisini. Nami nilimwuliza. Akanijibu, "Mjomba, nimeshaonja kufungua mlango wangu mwenyewe."

Dada, sasa nikwambie lililonifanya niandike. Kulthum hayuko kwangu tena. Alhamisi iliyopita alipanda basi kwenda Bungoma. Gershom amepata chumba karibu na soko, nao waanza upya. Asema ni biashara tu. Nilipomwuliza kama kuna jingine, aliinamisha kichwa. Alitaka kuja kukuaga, wallahi, akahofu kwamba akiona machozi yako hataondoka. Nilimsihi abaki hadi nikaishiwa na maneno, kisha nikambebea mzigo wake hadi stendi.

Ijumaa baada ya swala nitakuja, inshallah, uniseme utakavyo. Msalimu shemeji, na habari hii mpe wewe, taratibu, akiwa ameshakula.

Nduguyo,
Khatibu