Uzi Uliopikwa kwa Mvuke

Kibondo,
14 Juni 2014.

Kaka Elisante,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mama je, miguu bado inavimba? Mimi mwili haunisumbui. Naamka, naenda wodini, narudi. Siku nyingine nasahau kama nimekula.

Sijawahi kukueleza habari za Yusta, mke wa Leonidasi wa Gwarama. Aliletwa hapa kituoni mwezi wa nne, uchungu ukiwa siku ya pili, mtoto amelala vibaya. Nilimpasua, akatoka mtoto wa kike, analia vizuri. Siku ya tano Yusta alikohoa, mshono wa ndani ukaachia, matumbo yakatoka. Tulimfunika kwa vitambaa vya maji ya chumvi, tukampakia garini kwenda hospitali kubwa. Barabara ilikuwa tope tupu. Alifariki kabla hatujafika Kasulu.

Wakubwa waliponiuliza, niliandika kwamba mgonjwa alibeba ndoo ya maji mapema. Aliyekuwa akimwuguza ni mkwewe, bibi Veronica, basi watu wakasema ndiye aliyemtuma. Leonidasi alimtoa mama yake nyumbani, akamwambia akalale jikoni. Kanisani akina mama wenzake walimvua uongozi pamoja na kitambaa chake cha kiongozi.

Kaka, hapakuwa na ndoo.

Nilipokuwa kidato cha nne ulinionyesha kamba ya nailoni, ukasema imeundwa na vipande vidogo vilivyoungana, na kila vinapoungana hutoa maji. Ukasema pia kwamba maji yakirudishwa pamoja na moto, viungo hivyo hukatika. Uzi wa kushonea unaoyeyuka mwilini ni wa ukoo huo. Unyevu wa mwili huulegeza polepole, kwa majuma, kidonda kikiwa kimeshashika. Mwezi ule uzi uliisha. Nilikuwa na mabaki ya pakiti zilizokwisha kufunguliwa, nikayatia kwenye mashine ya mvuke pamoja na mikasi ili kuua vijidudu. Mvuke ni maji na moto. Nilijua. Uzi ulitoka na rangi yake ileile ya zambarau, nikajiambia utashika.

Juzi nimepeleka maelezo ya kweli kwa mganga mkuu wa wilaya. Jana nikaenda Gwarama. Leonidasi alinisikiliza amesimama, akaingia ndani, hakutoka tena. Bibi Veronica alikuwa akimnywesha mtoto maziwa kwa kijiko. Nilimweleza yote. Hakulia, wala hakuacha kunywesha. Akasema, “Daktari, kwamba hapakuwa na ndoo mimi nilikuwa najua. Njoo Jumapili ukawaambie kanisani, walikonivua kitambaa.”

Nikamwambia nitakuja. Jumapili ni kesho. Nimeshaongea na mtu wa pikipiki. Sioni hofu, sioni nafuu.

Wasalimie wifi na watoto. Mama msomee barua hii yote, usiruke mahali.

Mdogo wako,
Asnath