Jina la Duka Chini ya Karatasi

Sotik,
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Je, goti linakuruhusu kupanda hadi kanisani, au bado unasalia nyumbani? Mimi mwili u mzima. Moyo ndio hautulii.

Nilikueleza kwamba hapa Sotik mgeni kutoka ziwani hana mjomba wa kumtaja kwa watu. Duka langu la uchapishaji lilikaa kimya mpaka Bwana Langat, mhasibu anayekagua vitabu vya shule na makanisa, alipopenda vitabu vya risiti nilivyomchapia. Tangu hapo huwaambia wateja wake, "Endeni kwa Atieno." Karibu kila kazi iliyonilisha imepitia kinywani mwake.

Jana akaingia Mama Chepkoech, mfugaji wa ng'ombe, na wenzake wawili. Walitaka vikaratasi vya kuwaita wakulima mkutanoni, wauulize ushirika wao kwa nini maziwa hupimwa mlango ukiwa umefungwa. Na mhasibu wa ushirika huo ni nani, Mama? Bwana Langat!

Nikasingizia kwamba nina kazi nyingi. Chepkoech akacheka.

"Ai, Atieno! Si ulituambia huko yunivasiti ulikuwa unasimama juu ya meza? Sasa unaogopa mtu wa tai?"

Niliona haya. Ni mimi niliyewauliza wanafunzi wenzangu: haki ni haki gani ikiwa yangoja ruhusa ya mwenye nguvu? Wakati ule sikuwa na duka la kupoteza.

Leo asubuhi nikaenda ofisini kwa Bwana Langat kabla hajasikia sokoni.

"Mzee, kina Mama Chepkoech wanataka vikaratasi vya mkutano kuhusu ushirika, nami nitawachapia. Sikutaka uambiwe na mtu mwingine."

Akavua miwani. "Wewe msichana, nikituma mtu kwako, ni jina langu naweka kwa meza. Unajua?"

"Najua, Mzee."

"Na hiyo karatasi yao, utaweka jina la duka chini, vile unaweka kwa kazi yangu?"

Nikasema nitaliweka. Akarudi kwenye mafaili yake. Nilisimama pale kama anayesubiri chenji, kisha nikaondoka.

Nimezichapa karatasi zao, Mama, na jina la duka linasomeka wazi. Chepkoech amezipeleka soko la Merigi. Lakini mwalimu mkuu aliyeelekezwa kwangu na Bwana Langat aliahidi kuleta kazi ya fomu za ripoti mchana huu, na sasa ni jioni. Kila kiatu kinachopita nje nakisikiliza. Uniombee aje. Na asipokuja, uniombee nisiliondoe jina lile, kwa maana Chepkoech ameshaagiza karatasi nyingine.

Nisalimie Baba Mdogo, fundi wetu wa baiskeli. Shangazi Pamela wa kwaya naye msalimie sana, ila mwambie asitangaze kanisani kwamba natafuta msaidizi wa kuajiri dukani. Asubiri kwanza.

Bintiyo akupendaye,
Atieno